Kiharusi kwa vijana: presha sawa, sukari sawa, tatizo liko kwenye mishipa ya shingo

Mwanazamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu kuhusu kiharusi na karibu zote zinaishia palepale: pima presha, acha sigara, punguza uzito. Ushauri mzuri, siupingi. Ila kuna wagonjwa ambao ushauri huo unawapita pembeni kabisa. Mtu ana miaka 30 na kitu au 40 na kitu, presha 118 kwa 75, sukari safi, sigara hajawahi kushika, pengine ni mkimbiaji. Anaamka mkono hauinuki na maneno hayatoki.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za CT. Si daktari, kwa hiyo nitakayoandika ni yale ninayoyaona kwenye skrini na niliyoyasoma kwa sababu ya kuyaona. Madaktari mliomo humu mnisahihishe bila huruma.

Ubongo unalishwa na mishipa minne inayopanda kupitia shingo. Miwili iko mbele, inaitwa karotidi, na ndiyo unayoigusa ukitafuta mapigo chini ya taya. Miwili iko nyuma, inaitwa vetebra, nayo imejificha: inapita kwenye matundu ya pingili za shingo kuanzia ya sita kupanda hadi ya kwanza, halafu inapinda kona kali kabla ya kuingia ndani ya fuvu. Ukigeuza kichwa, mishipa hii inavutika na kujinyonga pamoja na shingo. Kwa watu wengi haina neno maisha yote.

Sasa ukuta wa mshipa una matabaka matatu. Chukulia mpira wa kumwagilia maji: ngozi ya ndani ikichanika, maji yanajipenyeza kati ya matabaka, mpira unavimba kuelekea ndani na njia inakuwa nyembamba, na wewe uliyeushika kwa nje unauona mzima. Mshipa wa shingo nao huchanika hivyohivyo. Tena hatari kubwa si ule wembamba. Pale palipochanika damu huanza kuganda, kipande kinamegeka, kinapanda na mkondo mpaka kichwani, kinakwama kwenye mshipa mdogo. Hapo ndipo kiharusi kinapotokea.

Ukihesabu viharusi vyote vya kuziba mshipa, chanzo hiki ni kama asilimia 2 tu. Ukiwachukua walio chini ya miaka 50 peke yao, kinafika kati ya asilimia 10 na 25. Wastani wa umri wa wagonjwa ni kama miaka 45. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 akipata kiharusi, hiki si cha kwanza kukifikiria. Kijana akipata, kiwe miongoni mwa vya kwanza.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki: mara nyingi mshipa ukichanika, maumivu hutangulia. Shingo au kichwa upande mmoja, maumivu mageni, ya aina ambayo mwenyewe anasema "sijawahi kuumwa hivi". Kiharusi chenyewe kinaweza kuja baada ya saa chache au siku kadhaa, na vingi hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hapo katikati kuna nafasi ya kuokoa mtu, na nafasi hiyo inapotea kwa sababu mgonjwa anaambiwa amelala vibaya, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani.

Nitaendelea, niko zamu.

Tarishi_wa_Mtaa

Nimeweka kambi hapa. Mkuu ukirudi gawa mafungu mafupi, wengine tunasoma kwenye simu ndogo.

Bwana_Takwimu

Mkuu Mwanazamu, kwa heshima, uzi kama huu unajaza watu hofu. Nani humu ndani hajawahi kuumwa shingo? Kesho foleni ya CT itajaa watu waliolalia mto vibaya. Tupe idadi ya wanaopata jambo hili kwa mwaka, tupime wenyewe.

Mwanazamu

Bwana_Takwimu, hoja ya haki. Ni kama watu 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ni nadra, na maumivu ya shingo ya kawaida yapo kila kona. Sisemi kila anayeumwa shingo akimbilie CT.

Nasema tofauti zipo. Shingo ya kawaida inauma ukiigeuza, inatulia ukiilaza, na ukibonyeza msuli unakuta pale panapouma. Hii nyingine mara nyingi iko upande mmoja, inapanda kuelekea sikio, taya, nyuma ya jicho au kisogoni, haijali sana umelalaje, na mwenye kipandauso cha miaka mingi anakuambia mwenyewe kwamba hiki si kile anachokijua. Sentensi hiyo ya mgonjwa mwenye kipandauso ina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana kipandauso chenyewe kimeonekana mara nyingi zaidi kwa watu wanaochanika mishipa ya shingo. Ndiyo hao hao wanaoambiwa "ni kichwa chako kilekile".

Kisha angalia kinachoambatana na maumivu. Maumivu ya shingo peke yake ni jambo moja. Maumivu ya shingo pamoja na kope iliyoshuka, au kizunguzungu cha kuyumba, au ganzi ya uso hata kama imedumu dakika kumi tu na kuondoka, hilo halingoji kesho.

Kope_Moja

Nimesoma hapo kwenye kope nikaacha nilichokuwa nafanya. Mimi ni mmoja wa hao.

Nilianza na maumivu nyuma ya jicho la kushoto yakishuka mpaka pembeni ya shingo. Nilikuwa nimetoka kwenye kikohozi kibaya, nikajua ni mabaki ya mafua. Siku iliyofuata mwenzangu ananiangalia anasema jicho moja limekuwa dogo. Kope ilikuwa imeshuka nusu. Nilipokwenda kuonwa mara ya kwanza nilipewa dawa ya matone ya macho.

Ila kilichonitisha kilikuwa sauti. Nikilala kwa upande wa kushoto nasikia mapigo ya moyo sikioni, shuu, shuu, kwa mpigo uleule wa mkono. Nilipomweleza mtu wa pili aliyeniona, akazima taa ya chumba, akaangalia macho yangu gizani, akaita mwenzake. Nikapelekwa kupigwa picha siku hiyohiyo. Karotidi ya kushoto ilikuwa imechanika juu karibu na fuvu. Kiharusi sikupata. Nilimeza dawa, mshipa ukafunguka, kope imebaki imeshuka kidogo, wengi hawaioni.

Hivi kwa nini alizima taa? Sikuwahi kumuuliza.

Daktari_Mpita_Njia

Kope_Moja, pole, na hongera kwa kukutana na mtu makini. Alizima taa kwa sababu ya mboni. Kuna nyuzi za fahamu zinazopanda kichwani zikiwa zimeuzunguka mshipa wa karotidi. Mshipa ukivimba, nyuzi zile zinabanwa. Kazi yake ni kuinua kope kidogo na kuipanua mboni mwanga unapopungua. Zikibanwa, kope inashuka na mboni inabaki ndogo. Kwenye mwanga mkali mboni zote mbili ni ndogo, tofauti haionekani. Ukizima taa, ile nzima inapanuka na ile nyingine inabaki nyuma. Kitaalamu tunaita sindromu ya Horner, kwa jina la Johann Friedrich Horner, daktari wa macho wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1869.

Kwa anayesoma: kope iliyoshuka ghafla pamoja na maumivu ya shingo au uso upande huohuo ihesabiwe kuwa ni mshipa wa karotidi mpaka picha ikatae. Matone ya macho hayana kazi hapo.

Hiyo sauti ya mapigo sikioni nayo ni dalili inayojulikana. Ni damu inayopita kwa fujo kwenye njia iliyobanwa, karibu kabisa na sikio. Wagonjwa wengi hawaisemi kwa sababu wanaona aibu, wanadhani wataonekana wamechanganyikiwa.

Dada_wa_Kati

Samahanini wakuu, naomba kuuliza hapa maana nimehangaika.

Kaka yangu ana miaka 36. Alipata kiharusi cha upande wa kushoto wa mwili, akapona vizuri, mkono tu ndio ulibaki mzito. Wakapima kila kitu: moyo, presha, sukari, mafuta kwenye damu. Altrasaundi ya shingo ikasema hakuna wembamba wa maana. Akaambiwa chanzo hakijulikani, anywe aspirini. Alikunywa, sisi wenyewe tulikuwa tunamhesabia vidonge. Akapata kingine, upande uleule. Sasa naambiwa tena chanzo hakijulikani. Inawezekana ikawa ni huku kuchanika mnakokusema? Yeye hakuwahi kulalamika shingo.

Mwanazamu

Dada_wa_Kati, poleni sana. Sijaona picha za kaka yako na siwezi kumpa jina la ugonjwa kupitia uzi. Ila kuna kitu umekisema ambacho kila anayesoma picha za shingo angesimama nacho: kijana, viharusi viwili, upande uleule, shingo haijauma, ripoti inasema hakuna wembamba wa maana.

Kuna hitilafu nyingine ya mshipa wa shingo ambayo sijaigusa. Inaitwa utando wa karotidi. Pale karotidi inapogawanyika kuna sehemu iliyotanuka kidogo. Kwa watu wengine, kwenye ukuta wa nyuma wa sehemu ile kuna kijikunjo chembamba cha nyama ngumu kinachochomoza kuingia ndani ya njia ya damu. Hakizibi njia. Damu inapita vizuri, ndiyo maana ripoti inasema hakuna wembamba. Tatizo ni nyuma ya kijikunjo: damu inazungukazunguka pale bila kuondoka haraka, inaganda, na siku moja bonge linang'oka.

Hakiumi, na vipimo vya damu havikioni. Altrasaundi inaweza kukipita au kikaandikwa kuwa ni mafuta kidogo yaliyoganda ukutani. Kinachokionyesha vizuri ni CT ya mishipa kwa dawa ya kontrasti, ile inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha, tena picha ikatwe kwa pembeni, siyo kwa mlalo peke yake. Kwenye mlalo unaona kijistari tu, jicho linateleza. Nimeona picha ambazo kijikunjo kilikuwa kimekaa pale wazi, lakini hakuna aliyekitafuta.

Kimeelezwa zaidi kwa wanawake na kwa watu wenye asili ya Afrika. Utafiti uliofanyika Martinique kwa vijana waliopata kiharusi kisicho na chanzo ulikikuta mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wa kulinganisha nao. Halafu kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2021: waliokuwa na utando huu, takriban mmoja kati ya sita alipata kiharusi kingine ndani ya miaka miwili. Wasiokuwa nao ilikuwa kama asilimia 3. Wengi walikuwa kwenye dawa hizihizi za kawaida.

Kwa hiyo swali la kupeleka si "ni nini kilichomsababishia". Hilo mmeshajibiwa mara mbili. Uliza: "Je, amepigwa CT ya mishipa kuanzia kifuani mpaka kichwani, na kuna aliyeangalia pale karotidi inapogawanyika kutafuta utando?"

Dada_wa_Kati

Nimeiandika neno kwa neno. Ubarikiwe kaka.

Daktari_Mpita_Njia

Naunga mkono, na nitaongeza kuhusu altrasaundi maana watu wanaiamini kupita uwezo wake. Mafuta yanayoziba mishipa ya wazee hukaa pale kwenye mgawanyiko, na altrasaundi inapaona vizuri. Kuchanika kwa karotidi kwa kawaida huanza sentimita mbili au tatu juu ya hapo na kupanda kuelekea kwenye fuvu, mahali ambapo taya na mfupa vinaizuia altrasaundi. Ule mshipa wa nyuma nao unapenda kuchanika kwenye kona ya pingili ya kwanza na ya pili, napo hapaonekani vizuri. Kwa hiyo "altrasaundi iko safi" kwa kijana mwenye maumivu ya juu ya shingo haijamaliza kesi.

CT ya kawaida ya kichwa bila kontrasti nayo haionyeshi mishipa ya shingo hata kidogo. Inaangalia ubongo wenyewe, hasa kama kuna damu iliyovujia humo. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ina picha maalumu inayofuta mwanga wa mafuta ya shingo, na damu iliyonasa ukutani inaonekana kama mwezi mwandamo mweupe kuzunguka njia nyeusi. Picha nzuri sana hiyo, ila siku mbili tatu za mwanzo damu ile inaweza isiwe imeng'aa bado.

Misuli_Kwanza

Mimi swali langu ni la mazoezi. Nina tabia ya kuzungusha shingo mpaka ilie "kaa". Kinyozi wangu naye akimaliza ananinyonga kushoto kulia. Nasikia raha. Mnataka kusema nakaribia kaburi?

Mkanda_na_Kiungo

Hapa niingie, maana fani yangu ni tiba ya viungo na tunalaumiwa sana.

Ndiyo, kuna uhusiano kati ya kunyonga shingo kwa kishindo na kuchanika kwa mishipa, hasa ile ya nyuma. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2014 kikasema uhusiano upo, kwamba haijathibitika kuwa kitendo chenyewe ndicho chanzo kila mara, na kwamba mgonjwa aelezwe kabla ya kushikwa. Utata ni huu: mtu ambaye mshipa wake umeshaanza kuchanika anaumwa shingo, na anayeumwa shingo ndiye anayekwenda kunyooshwa. Akipata kiharusi baadaye, ni mkono wa mtaalamu au ni safari iliyokuwa imeshaanza?

Msimamo wangu ni mkali kuliko wa baadhi ya wenzangu: faida ya kile kishindo cha "kaa" ni ndogo, na kuna njia nyingine za kulegeza shingo. Mimi sifanyi tena kishindo kwenye shingo ya mtu. Na mtu akija na maumivu mapya ya upande mmoja ya aina iliyoelezwa hapa juu, simgusi, namwandikia barua aende kwa daktari.

Kinyozi hana mafunzo ya hilo, Misuli_Kwanza. Mwambie aishie kwenye nywele.

Mama_Pacha

Kuna ile ya kuoshwa nywele umelaza shingo kwenye beseni la saluni, ni kweli au ni hadithi za mtandaoni?

Daktari_Mpita_Njia

Ni kweli, lakini ni nadra sana. Mwaka 1993 daktari wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wanawake watano waliopata dalili za ubongo wa nyuma baada ya kuoshwa nywele shingo ikiwa imepindwa kinyumenyume. Shingo ikivuta au ikiuma pale kwenye beseni, inua kichwa, omba taulo chini ya shingo. Huna haja ya kuacha kwenda saluni.

Jambo ambalo watu hawalioni ni kwamba kisababishi mara nyingi ni kidogo mno: kukohoa kwa nguvu, kupiga chafya, kugeuza kichwa haraka ukirudisha gari nyuma, kunyanyua kitu kizito. Wengine hawakumbuki lolote. Pigo kubwa nalo lipo. Mchezaji wa kriketi wa Australia, Phillip Hughes, alipigwa na mpira shingoni uwanjani Sydney Novemba 2014, mshipa wa vetebra ukachanika na damu ikavujia kuzunguka ubongo. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 25. Hiyo ilikuwa damu kuvuja, siyo kuziba, lakini mshipa ni huohuo.

Bwana_Takwimu

Sawa, nimelegea kidogo. Ila bado kuna kitu. Kama ni kukohoa tu, sote tungekuwa tumechanika. Lazima kuna watu ambao ukuta wao ni dhaifu toka mwanzo. Ni mambo ya kurithi?

Daktari_Mpita_Njia

Kwa wachache, ndiyo. Kuna sindromu ya Ehlers-Danlos ya aina ya mishipa, ambayo hitilafu iko kwenye jeni iitwayo COL3A1, na kuna sindromu ya Marfan. Hao mara nyingi wana dalili nyingine mwilini na historia ya ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana. Wagonjwa walio wengi hawana sindromu yoyote yenye jina.

Mwaka 2015 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilikuta kwamba tofauti ndogo kwenye jeni la PHACTR1 inahusika. Cha ajabu ni kwamba toleo linalopunguza uwezekano wa mishipa ya shingo kuchanika ndilo linaloongeza uwezekano wa mishipa ya moyo kuziba. Toleo la pili linahusishwa na kipandauso. Kundi hilohilo la utafiti liliona pia kwamba wagonjwa hawa kwa wastani ni wembamba kuliko watu wengine na mafuta yao ya damu ni ya chini. Mwanazamu alivyosema kuhusu wakimbiaji hakukosea.

Kisha kuna fibromaskula displazia. Ukuta wa mshipa unakuwa na mapande mazito na membamba yanayofuatana, kwenye picha unaona kama shanga zimetungwa. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Inapenda mishipa ya shingo na ya figo, kwa hiyo dada mwenye presha ya juu isiyoeleweka akiwa na miaka 30 na kitu, pamoja na mapigo sikioni, aangaliwe kote kuwili. Na mama aliyejifungua karibuni akipata kichwa kikali kipya au shingo ya upande mmoja, asiambiwe ni uchovu wa mtoto kabla hajapimwa.

Mama_Pacha

Hiyo ya mwisho nimeipiga picha nimewatumia wadogo zangu.

Mwanazamu

Nimerudi. Kuna kitu kimoja kinanisumbua kwenye matangazo ya kiharusi tunayoyabandika ukutani: uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Yanafaa sana kwa mishipa ya mbele. Mishipa ya nyuma haifuati bango. Mgonjwa wa vetebra anaweza kuja anatembea, uso umenyooka, mikono yote inainuka, anaongea. Anachosema ni kwamba dunia inazunguka, anatapika, akisimama anaangukia upande mmoja. Anaona vitu viwiliviwili. Sauti imekwaruza, mate hayapiti. Wengine wana kwikwi isiyokoma. Kuna hali moja ya ajabu: nusu ya uso haisikii baridi wala moto, na kwenye mwili ganzi iko upande wa pili. Ukikuta hiyo, shina la ubongo limeguswa.

Kijana anayezunguka na kutapika anaambiwa ni sikio, au ni tumbo. Mara nyingi ni kweli ni sikio. Lakini kizunguzungu pamoja na maumivu mapya ya kisogo, au kizunguzungu ambacho mtu hawezi kusimama bila kushikwa, kitafutiwe mshipa.

Tarishi_wa_Mtaa

Na mtu akipatwa nyumbani tumpe aspirini haraka kama wanavyosema ya moyo?

Daktari_Mpita_Njia

Hapana. Kwa sababu mbili. Moja, hujui kama ni kuziba au kuvuja, na kama ni kuvuja umemwongezea tatizo. Mbili, kumeza kunaweza kuwa kumeharibika, kidonge na maji vikaingia njia ya hewa. Mlaze kwa ubavu, usimpe chochote mdomoni, tazama saa mara ya mwisho alipoonekana mzima ilikuwa saa ngapi, muwahishe kwenye hospitali yenye CT. Hiyo saa ndiyo swali la kwanza utakaloulizwa. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kuvuta bonge kwa waya kupitia mshipa kunaweza kufanyika mpaka saa 24 kwa baadhi ya wagonjwa. Na mshipa kuchanika shingoni si sababu ya kumnyima mtu dawa ya kuyeyusha bonge, ingawa wapo wanaosita.

Baada ya hapo ni dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Watu wanabishana ipi ni bora. Utafiti wa CADISS uliotoka 2015 uliwagawa wagonjwa 250: wa dawa za aina ya aspirini walipata viharusi vitatu katika miezi mitatu, wa dawa za aina ya warfarin walipata kimoja. Tofauti ndogo hivyo haiamui kitu. Utafiti wa TREAT-CAD wa 2021 ulikuwa na wagonjwa 194, viharusi vya kuziba vilikuwa saba na vyote vilitokea upande wa aspirini. Kwa hiyo mimi huangalia picha. Mshipa ukiwa umebanwa sana au bonge linaonekana limening'inia ndani, naegemea warfarin. Ikiwa kidonda ni kidogo na hakuna kiharusi, aspirini inatosha.

Mwanazamu

Ngoja nimchokoze daktari. Kwenye CADISS hiyohiyo, wasomaji wakuu wa picha walipozirudia, wagonjwa 52 kati ya 250 hawakuonekana kuwa na mshipa uliochanika. Sisi watu wa picha tunaifahamu namba hiyo. Mkibishana kuhusu dawa, kumbukeni kwanza kuomba picha isomwe mara ya pili.

Daktari_Mpita_Njia

Nimepokea hahaha. Haki yako.

Kope_Moja

Daktari, mimi kinachonikosesha raha ni kurudia. Kila shingo ikikaza usiku naamka nakwenda kwenye kioo kuangalia kope.

Daktari_Mpita_Njia

Ndugu yangu, takwimu za siku nyingi zilizochapishwa 1994 zilionyesha kuchanika tena ni kama asilimia 2 katika mwezi wa kwanza, halafu kama asilimia 1 kwa mwaka, na mara nyingi ni mshipa mwingine, siyo uleule. Mwezi wako wa kwanza umeshaupita zamani. Kioo tazama asubuhi unaponawa, inatosha. Hofu ya usiku wapate kuijua wanaokutibu, maana wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wanaibeba kimyakimya na inatibika kama tatizo lolote lingine.

Mazoezi: miezi ya mwanzo usinyanyue vizito vya kukubana pumzi, michezo ya kugongana achana nayo, na shingo asiishike mtu kwa kishindo. Kutembea tembea. Picha ikishaonyesha mshipa umefunguka, kukimbia ruksa. Ile ya kunyongwa shingo usiikubali kabisa.

Misuli_Kwanza

Nimeshamwambia kinyozi. Kanuna.

Dada_wa_Kati

Wakuu nimerudi na jibu. Tulikwenda na lile swali. Daktari mwingine akaomba picha za zamani, kumbe CT ya mishipa ilikuwa imeshapigwa kwenye kiharusi cha pili, ila ilisomwa kwa ajili ya kichwa tu. Wakaifungua upya kwa pembeni. Utando upo, karotidi ya kulia, upande unaolingana na mkono wake wa kushoto. Sasa wanazungumzia kuweka stenti, kijibomba cha waya ndani ya mshipa, au kufungua shingo na kuutoa. Yeye ameogopa neno upasuaji, mimi sijui nimwambie nini.

Daktari_Mpita_Njia

Afadhali sasa kuna kitu cha kutibu. Njia zote mbili zinatumika, na kwa mtu aliyepata kiharusi cha pili akiwa kwenye aspirini, kuuondoa au kuufunika utando kuna mantiki kuliko kuendelea kungoja. Stenti haina kidonda shingoni, lakini atameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa muda, na ile chuma inabaki humo maisha yote. Kwa mtu wa miaka 36 hilo ni la kulifikiria. Upasuaji unautoa utando wenyewe na unapelekwa maabara, ila una kovu na uwezekano mdogo wa kugusa mishipa ya fahamu ya ulimi na sauti. Muulize mpasuaji ameshafanya karotidi ngapi na wangapi walipata kiharusi mezani. Ni swali la kawaida, hatakasirika, na akikasirika tafuteni mwingine.

Mwanazamu

Na dada, ombeni CD ya picha zenyewe, msibebe karatasi ya ripoti peke yake. Mpasuaji atataka kuzigeuza mwenyewe. Aspirini asiiache hata siku moja mpaka wao waseme.